Sura ya Tano: Kwa Nini Timu Zetu Hupanda kwa Kishindo, Kisha Hazidumu?

Ukikaa kijiweni Iyunga, karibu na kituo cha reli cha TAZARA au kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, mazungumzo ya mpira hayachukui muda kufika kwenye swali moja. Madereva wa bajaji wanaliuliza, mafundi gereji wanaliuliza, vijana wa Sekondari ya Iyunga nao wanaliuliza: hivi kwa nini timu zetu zikipanda Ligi Kuu zinatikisa nchi nzima, halafu misimu miwili mitatu haipiti zishaanza kuhangaika?

Majibu ya haraka yapo. Wengine husema ni waamuzi. Wengine husema Simba na Yanga hawataki timu ya mkoani isimame. Wengine husema ni ukata tu. Kila jibu lina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja linaloeleza kwa nini timu ileile, mbele ya waamuzi walewale, ikiwa na ukata uleule, ilifanya vizuri mwanzoni. Kama umaskini ndio unaoua, ungeua tangu siku ya kwanza.

Tufuatilie basi misimu ya mwanzo ya klabu tunayoijua wote: Mbeya City.

Ngazi yenyewe

Mpira wa Tanzania Bara unapandwa kwa ngazi. Chini kabisa kuna ligi za wilaya, kisha ligi za mikoa. Mabingwa wa mikoa hukutanishwa, wachache wao wakapanda ligi za kitaifa za chini. Juu yao kuna ligi iliyoitwa Daraja la Kwanza kwa miaka mingi, ambayo sasa inaitwa Championship. Kileleni ndipo ilipo Ligi Kuu. Anayefanya vizuri hupanda, anayeboronga hushuka. Kati ya madaraja mawili kuna pia mchujo, yaani mechi chache ambapo timu iliyoponea chupuchupu huko juu hukutana na timu iliyokaribia kupanda kutoka chini, na mshindi ndiye anayecheza juu msimu unaofuata.

Mbeya City ilianzishwa mwaka 2011 ikiwa mali ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Ilipanda ngazi hiyo upesi mno. Msimu wa 2012/13 iliongoza kundi lake la Daraja la Kwanza, na kufikia Agosti 2013 ilikuwa Ligi Kuu, pamoja na Ashanti United ya Dar es Salaam na Rhino Rangers ya Tabora. Jiji lilikuwa tayari na Tanzania Prisons iliyorudi Ligi Kuu mwaka mmoja kabla. Ghafla Uwanja wa Sokoine ukawa na wenyeji wawili.

Msimu ambao Mbeya ilivaa zambarau

Ligi ya 2013/14 ilikuwa na timu 14, kila moja ikicheza mechi 26. Wengi walitabiri wageni wote watatu watarudi walikotoka. Kwa wawili utabiri ulitimia: Ashanti na Rhino zilishuka msimu uleule, zikiwa na JKT Oljoro ya Arusha. Mbeya City ilifanya kitu kingine kabisa.

Septemba 2013 Yanga walikuja Sokoine wakaondoka na sare ya 1-1. Siku chache baadaye Mbeya City wakaenda Uwanja wa Taifa kuikabili Simba, wakatoka 2-2. Novemba walikwenda Chamazi, nyumbani kwa Azam, na mshambuliaji Mwagane Yeya akafunga mabao matatu peke yake. Mechi iliisha 3-3. Mzunguko wa kwanza ulimalizika, mechi 13, na Mbeya City ilikuwa haijafungwa na mtu.

Kipigo cha kwanza kilikuja Februari 2014, 1-0 mbele ya Yanga jijini Dar es Salaam. Hata siku hiyo mashabiki wa zambarau walikuwapo, wakiwa wamesafiri zaidi ya kilomita 800 kwa mabasi. Nataka msomaji alipime jambo hilo vizuri. Timu nyingi za mikoani, zikienda Dar es Salaam, hukuta hata watu wa mkoa wao wenyewe wamevaa jezi za Simba au Yanga. Mtu wa Mbeya aliyelelewa na redio ikimtangazia timu mbili za Kariakoo tangu utotoni, sasa alilipa nauli yake kwenda kuzishangilia jezi za nyumbani. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko matokeo yote ya msimu ule, na ndilo ambalo halikuwekewa akiba.

Aprili 13, 2014, Azam walikuja Sokoine wakihitaji ushindi ili wawe mabingwa kwa mara ya kwanza. Walishinda 2-1 wakatwaa kombe mbele ya uwanja uliofurika. Msimamo wa mwisho ulisomeka hivi: Azam pointi 62 bila kufungwa, Yanga 56, Mbeya City 49, Simba 38. Soma tena mstari huo. Timu ya halmashauri, katika msimu wake wa kwanza, iliiacha Simba kwa pointi 11 na kupoteza mechi 3 tu kati ya 26. Katikati ya mwaka huo ikaenda Khartoum kucheza Kombe la Nile Basin, mashindano ya klabu za ukanda wetu.

Walichokuwa nacho

Kocha alikuwa Juma Mwambusi, mzawa anayeijua Mbeya na mpira wake. Kikosi kilikuwa cha vijana ambao nje ya Nyanda za Juu Kusini hawakujulikana: Yeya, Deus Kaseke, Paul Nonga, Peter Mwalyanzi, Steven Mazanda, mlinda mlango David Burhan, na wenzao. Walikuwa wamecheza pamoja tangu madaraja ya chini, kwa hiyo hawakuhitaji kuzoeana. Wapinzani hawakuwa na kumbukumbu zao, hawakujua nani anakata ndani na nani anapiga kwa mguu wa kushoto. Na Sokoine, uwanja ulio kwenye baridi na hewa nyepesi ya mwinuko, ulikuwa mgumu kwa mtu aliyefika jana kutoka pwani.

Msimu huohuo fedha nazo ziliongezeka kidogo. Azam Media ilinunua haki za matangazo, yaani ruhusa ya kuonyesha mechi kwenye televisheni, na kila klabu ikaanza kupata shilingi milioni 100 kwa msimu. Kwa Simba na Yanga hizo zilikuwa fedha ndogo. Kwa klabu changa ya mkoani zilitosha kuendesha sehemu kubwa ya safari na kambi.

Tazama orodha hiyo yote: vijana waliozoeana, kocha mwenyeji, wapinzani wasiokujua, uwanja wenye hali ya hewa yako, watu wenye njaa ya timu yao. Karibu vyote havinunuliwi, na karibu vyote huisha vyenyewe. Baada ya mwaka mmoja kila kocha anakujua. Baada ya miwili vijana wako wana majina. Baada ya mitatu mikataba yao imekwisha.

Kwa ufupi: timu inayopanda huishi kwa mtaji wa bure kwa misimu miwili hivi. Isipoubadilisha mtaji huo kuwa kitu cha kudumu, huanza upya ikiwa na matarajio makubwa na mifuko mitupu.

Msimu wa pili unadanganya

Msimu wa 2014/15 Mbeya City ilianza vibaya, kisha ikajikongoja hadi nafasi ya nne. Ukisikia nafasi ya tatu kisha ya nne, unaona timu imesimama palepale. Lakini hesabu pointi: kutoka 49 hadi 34, kwa mechi zilezile 26. Nafasi kwenye msimamo hutegemea wengine wamefanya nini. Pointi ni zako mwenyewe. Kiongozi wa klabu anayesoma nafasi peke yake atalala usingizi wakati nyumba inavuja.

Mwaka 2015 paa likafunguka. Kaseke alikwenda Yanga. Mwalyanzi alikwenda Simba. Nonga alikwenda Mwadui, baadaye naye akafika Yanga. Mwambusi mwenyewe aliitwa Yanga kuwa msaidizi wa kocha Hans van der Pluijm. Siwalaumu hata mmoja. Mchezaji ana miaka kumi ya kuishi kwa miguu yake, na kocha wa mkoani akiitwa na Yanga akakataa, simu hiyo haipigwi mara ya pili.

Pengo lilizibwa kwa majina. Waliletwa wakongwe, Juma Kaseja langoni na Haruna Moshi katikati, wachezaji wakubwa kabisa katika historia ya mpira wetu. Kocha akaja Kinnah Phiri kutoka Malawi, baadaye Ramadhani Nsanzurwimo kutoka Burundi. Sisemi walikuwa wabaya. Nasema klabu ilikuwa imehama kutoka kwenye njia iliyoijua, ya kukuza kijana wa Mwanjelwa, Uyole na Iyunga, ikaingia njia ya kununua, ambako kila mwenye fedha zaidi yako atakushinda.

Yaliyofuata ni safari ndefu ya kushuka taratibu. Mwaka 2020 klabu iliponea kwenye mchujo dhidi ya Geita Gold. Mwaka 2023 mchujo haukuiponya: Mashujaa ya Kigoma walipanda, Mbeya City ikashuka baada ya misimu 10 mfululizo Ligi Kuu. Ilikaa Championship misimu miwili, kisha ikarejea juu kwa msimu wa 2025/26.

Tuwe waadilifu hapa. Misimu 10 si midogo. Ashanti na Rhino, zilizopanda nayo, zilidumu msimu mmoja tu.

Waliopita njia hiyohiyo

Mbeya City si ya kwanza wala ya mwisho kwenye nyanda hizi. Wazee wa Rungwe watakukumbusha Tukuyu Stars, waliopanda daraja na mwaka 1986 wakawa mabingwa wa nchi. Mji mdogo wa migomba na chai, uliozizidi Simba na Yanga kwa msimu mzima! Kwenye kikosi cha Tukuyu alipitia pia Sekilojo Chambua, ambaye taifa lilimjua baadaye akiwa na jezi ya Yanga. Tukuyu hawakuutwaa tena ubingwa huo.

Wengine kwa haraka:

- Njombe Mji walipanda 2017, wakashuka 2018.
- Lipuli ya Iringa walipanda nao 2017. Mwaka 2019, chini ya Selemani Matola, walifika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa 1-0 na Azam mjini Lindi. Mwaka mmoja baada ya fainali, walishuka.
- Mbeya Kwanza walicheza Ligi Kuu msimu wa 2021/22 peke yake.
- Ken Gold ya Chunya, wilaya ya dhahabu, walikuwa mabingwa wa Championship 2023/24. Msimu uliofuata walishika mkia Ligi Kuu.

Ihefu ya Mbarali ina kisa cha peke yake. Novemba 29, 2022, kwenye uwanja wa Highland Estates uliozungukwa na mashamba ya mpunga, iliifunga Yanga 2-1 na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Wenyeji walisherehekea. Kufikia mwaka 2024 timu ilikuwa imehamishiwa Singida, na leo inaitwa Singida Black Stars. Safari hiyo Ihefu haikushuka daraja. Iliondoka tu, kwa sababu aliyekuwa na hatimiliki alikuwa na haki ya kuondoka nayo. Mashabiki walikuwa na mapenzi, na mapenzi hayaandikishwi popote. Kwangu hilo ni pigo kubwa kuliko kushuka daraja, kwa sababu timu iliyoshuka unaweza kuisubiri.

Prisons hawana kelele

Katika jiji hilohilo kuna mfano wa pili. Tanzania Prisons, timu ya Jeshi la Magereza, ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2012/13 na haijashuka tangu hapo. Mara nyingi imekuwa eneo la hatari, imewatoa mashabiki jasho mechi za mwisho, lakini ipo.

Haina mashabiki wengi kama jirani yake wala haichezi mpira wa kuvutia zaidi. Ina kitu kimoja: mwenye timu ana sababu ya kudumu ya kuwa na timu. Taasisi haibadili nia kwa sababu ya uchaguzi wa madiwani au mkurugenzi kuhamishwa, na mchezaji anayeajiriwa na jeshi ana maisha baada ya soka, hivyo hakimbilii ofa ya kwanza. Si kila klabu inaweza kuwa ya jeshi, wala nisingependa ligi ya majeshi matupu. Lakini uthabiti wao una bei inayojulikana: mshahara unaofika na kazi inayodumu.

Kwingine: ligi isiyo na ngazi

Marekani mambo ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo inafundisha. Kule hakuna kupanda wala kushuka. Klabu ikitaka kuingia ligi kubwa, MLS, hailazimiki kushinda chochote, inalipa ada ya kiingilio. Mwaka 2023 wamiliki wa klabu mpya ya San Diego walikubali kulipa dola milioni 500 kwa nafasi hiyo.

Sasa klabu ndogo isiyo na dola hizo inaishije? Chukua Detroit City. Ilianza kucheza mwaka 2012 katika ligi ya chini, kwenye uwanja wa shule ya sekondari ya Cass Tech. Ushindi haukuweza kuipandisha, kwa hiyo misimu yake ya mwanzo iliitumia kujenga watu. Uwanja wa shule ulipozidiwa, klabu iliamua kufufua uwanja chakavu wa Keyworth katika mji wa Hamtramck, na mashabiki wenyewe wakaikopesha zaidi ya dola laki 7 za ukarabati. Ilihamia hapo 2016. Mwaka 2020 iliuza asilimia 10 ya hisa zake kwa mashabiki. Mwaka 2022 ikaingia ligi ya daraja la pili.

Siutamani mfumo wa Marekani. Ngazi yetu ni ya haki zaidi: Mbeya City ilifika mezani kwa Simba na Yanga kwa jasho, si kwa hundi. Lakini ngazi hiyo ina hatari yake. Inaruhusu timu ifike juu ndani ya miaka miwili kabla haijajenga ofisi, timu ya vijana wala daftari la wanachama. Detroit walikaa miaka kumi wakijenga kile ambacho sisi tunakitafuta baada ya kushuka.

Mbegu hailiwi

Mkulima wa viazi wa Uporoto anajua kwamba hata mwaka wa njaa kuna gunia haliguswi, la mbegu. Klabu zetu zimekula gunia hilo.

Mbegu ya kwanza ni mikataba. Kwa kanuni za FIFA, shirikisho la mpira duniani, mchezaji akibakiza miezi 6 kwenye mkataba wake anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine, na mkataba ukiisha anaondoka bure. Kwa hiyo kijana aliyefunga mabao msimu wa kwanza aongezewe mkataba msimu huohuo, na mshahara wake upande, kabla simu za Kariakoo hazijaanza kulia. Akiondoka akiwa ndani ya mkataba, klabu inauza. Akiondoka baada ya mkataba, klabu inaaga.

Mbegu ya pili ni kumbukumbu. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, kanuni hizohizo zinataka hadi asilimia 5 ya ada igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Mbwana Samatta alipohama kutoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa mwaka 2020, klabu alizopitia ujanani zilikuwa na fungu la kudai. Lakini fungu hilo hulipata klabu iliyomsajili kijana rasmi na kutunza karatasi zake. Kijana anayechezea timu yako miaka minne bila usajili, kwenye vitabu hukumlea wewe.

Mbegu ya tatu ni timu ya vijana inayocheza mtindo uleule wa wakubwa, ili Kaseke akiondoka, Kaseke mwingine awe tayari ana miaka 18.

Mbegu ya nne ni wanachama wenye kadi na kura. Mabasi yale yaliyokwenda Dar es Salaam Februari 2014 yalibeba watu ambao wangelipa ada ya mwaka bila kusukumwa. Watu elfu 5 wakilipa shilingi elfu 20 kila mwaka ni shilingi milioni 100, sawasawa na fedha za televisheni za wakati ule. Na hizo haziondoki mdhamini akiondoka.

Maswali ya kuuliza

Timu yako ikipanda, furahi. Kisha, kabla msimu wa kwanza haujaisha, waulize viongozi:

- Wafungaji wetu wawili wana mikataba hadi lini?
- Vijana wetu wamesajiliwa kwa majina, na karatasi ziko wapi?
- Mwenye timu akichoka kesho, nani ana haki ya kuizuia isihame?
- Mimi shabiki nalipa wapi ili niwe mwanachama, na nikilipa napata kura?

Wakishindwa kujibu hata moja, usiwakasirikie waamuzi miaka mitatu baadaye.

Mbeya City imerudi Ligi Kuu, na jezi za zambarau zimeonekana tena njia ya kwenda Sokoine. Nafasi ya pili kama hii Ihefu haitaipata Mbarali. Kwa hiyo wewe uliyeko Iyunga, Uyole au Soweto, usiishie kununua tiketi ya mechi ya Simba na ya Yanga. Nenda kwenye ofisi ya klabu katikati ya wiki, pasipo mechi, ukaulize habari ya kadi ya uanachama na timu ya vijana. Nenda na mwenzako.